Lipia Jina Pale Mkono Usipofika

Hotuba niliyoitoa mbele ya wanachama wa kikundi chetu cha akiba hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Desemba, siku chache kabla ya kugawana akiba ya mwaka. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mheshimiwa mwenyekiti, mama zangu mlioketi mbele, dada zangu, na nyinyi wazee mliokubali kukaa nasi leo: Bwana asifiwe, asalaam aleikum.

Sanduku litafunguliwa Jumamosi. Funguo tatu, watu watatu, kama kawaida. Kila mmoja wetu anajua alichoweka tangu Januari, na kila mmoja ameshaitumia pesa hiyo kichwani. Yupo wa mabati, yupo wa godoro, yupo wa kitenge cha Krismasi, yupo anayesubiri mvua anunue mbegu. Mwenyekiti aliniomba niseme juu ya kununua, kwa sababu kazi ya fundi cherehani nimeifanya miaka 23. Fundi ananunua kwa mwenye duka na kumuuzia mteja, kwa hiyo uchungu wa pande zote mbili anaujua.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilikuwa bado nakodi cherehani. Nikabana, nikakusanya, mpaka nikaweza kununua yangu. Mjini niliona mbili ambazo bei zake zilikaribiana sana. Moja ilikuwa nzee, nzito, rangi imechubuka, mali ya mama mmoja aliyekuwa anahama. Nyingine ilikuwa dukani, mpya, inang'aa, na ubavuni imebandikwa jina kubwa ambalo kila fundi analijua. Yule mama aliniambia, "Kaa ushone, mwanangu, ujionee." Sikukaa. Niliona aibu kuanza maisha na kitu kikuukuu. Nikaenda dukani nikanunua jina.

Mwezi wa pili ikaanza kuruka uzi. Mwezi wa nne, pale barazani ninapokaa, jua la mchana likaanza kukunja ule ubao mwembamba wa jina. Nikauvuta kwa ukucha. Chini yake palikuwa na jina jingine, limegongwa kwenye chuma, jina ambalo sijawahi kulisikia. Mwezi wa saba fundi wa mashine akaifungua na kuniwekea gia kiganjani: meno yamelika, chuma laini kabisa. Nilirudi dukani na mwenye duka akanionyesha maandishi chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ile mashine nzee ilinunuliwa na jirani yangu. Leo binti yake anaishonea sare za shule.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha kitu rahisi kilichoniponza. Lakini haikuwa rahisi, mama zangu. Bei zilikuwa karibu sawa. Kilichoniponza ni kwamba ile mashine nzee ilikuwa tayari kunijibu, ningekaa tu nikashona kitambaa mkono mmoja, nami sikuiuliza. Nikauliza kibandiko.

Basi neno langu la leo ni hili. Vipo vitu ambavyo mkono wako, jicho lako, pua yako na mizani vinaweza kuvipima papo hapo. Kwa vitu hivyo, usilipe hata shilingi moja ya ziada kwa ajili ya jina. Na vipo vitu vinavyoficha siri yao mpaka pesa imeshatoka na msimu umeshapita. Kwa vitu hivyo vya siri, lipia jina, tena lipia na muuzaji mwaminifu. Tunachofanya wengi wetu ni kinyume: tunalipia jina kwenye nguo na viatu, vitu tunavyoweza kuvigusa, halafu tunatafuta cha bei ya chini kwenye mbegu, saruji na nyaya za umeme, ambako macho yetu hayaoni kitu.

Nimekuja na vitenge vitatu. Nipisheni mezani.

Hiki cha kwanza kina maandishi ukingoni, jina la kiwanda cha Vlisco cha Uholanzi. Kiwanda hicho kipo tangu 1846, katika mji wa Helmond, na wafanyabiashara wanaovuka kwenda Kongo wanajua bei yake. Si ya mchezo. Cha pili hakina jina la maana ukingoni. Cha tatu kina jina kubwa lilelile kama cha kwanza. Sasa nageuza vyote upande wa nyuma. Tazameni. Cha kwanza, mbele na nyuma huwezi kutofautisha. Cha pili pia. Cha tatu, nyuma kumepauka kama kimefuliwa mwaka mzima, kwa sababu rangi imechapwa upande mmoja tu. Kitenge cha wax ya kweli hupakwa nta pande zote mbili, rangi inazama ndani ya uzi, na pale nta inapopasuka rangi hupenya na kuacha mishipa midogo. Tazama mishipa hiyo. Kwenye wax ya kweli haijirudii. Kila mkono wa kitambaa una yake. Kwenye cha tatu mpasuko uleule unarudi, ua baada ya ua, kwa sababu ni picha ya mpasuko.

Nasugua sasa hiki cha tatu. Mnaona unga huu mweupe kidoleni? Huo ni wanga. Kitambaa kimekazwa kwa wanga kionekane kizito. Ukikifua mara mbili kinalegea kama chandarua. Na mwisho, uzi mmoja na kiberiti. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Huu umeyeyuka ukaganda kuwa kidonge kigumu, maana yake ni plastiki, na mwezi wa Februari utakuchemsha mgongoni.

Kwa hiyo kitenge cha tatu ni uongo wenye jina. Na cha pili, kisicho na jina, kimepita mitihani yote kama cha kwanza, tena nilikinunua kwa bei ndogo kuliko nusu ya kile cha Uholanzi. Sisemi cha Uholanzi ni wizi. Rangi zake nimezishona na kuzikuta bado hai baada ya miaka kumi, na ukimwozesha binti yako na moyo wako unakitaka, kinunue kwa furaha. Ninachosema ni kwamba mtihani huu haukuchukua hata dakika tano, na umekuonyesha unacholipia.

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu methali hiyo, ila soko la leo limebadilika. Kibaya siku hizi kina kipaza sauti juu ya gari, kina picha ya mcheza mpira, kina kibandiko cha kung'aa. Kizuri kimekaa kimya kwenye kona ya duka kinasubiri mtu atakayekigeuza upande wa nyuma.

Mabati tuyapitie haraka kwa sababu wengi mmeniuliza. Geji ya bati, yaani namba ya unene wake, inahesabiwa kinyume na akili: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Ujanja wa sokoni ni kukuuzia 32 kwa bei ya 30, na kwa jicho utakubali. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kupimia unene. Fundi chuma yeyote anacho, mlipe nauli ya boda boda aje nacho. Godoro nalo usiishie kulibonyeza, maana hata baya linarudi juu siku ya kwanza. Omba mawili ya ukubwa mmoja yawekwe kwenye mizani. Sponji nzito ndiyo yenye mali ndani. Ile nyepesi imejaa hewa, na hewa itatoka.

Kwenye paneli za sola nitasimama kidogo, kwa sababu huku West Nile, eneo letu hili, tulikaa miaka mingi bila umeme wa gridi ya taifa, na pesa tulizopoteza kwenye sola zingejenga shule. Mtu anakuonyesha paneli yenye ukubwa wa sinia la chai, nyuma imeandikwa wati 100. Mama, hiyo haiwezekani hata kama imeandikwa na malaika. Jua kali la mchana linaleta takriban wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za kawaida zinageuza karibu sehemu moja kwa tano ya hizo kuwa umeme. Kwa hiyo wati 100 zinahitaji karibu nusu mita ya mraba, kama mlango wa kabati. Sinia halina nafasi ya kupokea jua hilo. Hapa huhitaji kujua jina lolote la kiwanda. Unahitaji futi ya fundi nguo, na hiyo ninayo.

Sasa tuje kwenye vile vinavyojificha. Hapa naomba mnisikilize kuliko mahali pengine popote.

Binti yangu anasoma kilimo Makerere. Likizo iliyopita alinisomea utafiti wa wachumi na mtaalamu wa udongo uliochapishwa mwaka 2017, Tessa Bold na wenzake, akiwemo Mganda mwenzetu Kayuki Kaizzi. Walinunua mbolea na mbegu chotara za mahindi, zile za kuchanganya aina mbili ili zizae zaidi, kwenye maduka ya hapa hapa Uganda, kama tunavyonunua sisi, wakaipima mbolea maabara na kuzipanda mbegu kwenye mashamba ya majaribio. Mbolea ilikosa wastani wa asilimia 30 ya virutubisho vilivyopaswa kuwemo. Na mbegu zilizouzwa kama chotara, walikadiria kwamba chini ya nusu ndizo zilikuwa mbegu halisi. Nilimwomba arudie. Chini ya nusu.

Fikirieni maana yake. Mama anapalilia shamba la wenzake wiki nzima apate pesa ya mbegu. Anapanda. Mahindi yanaota lakini yanazaa vibaya. Anasema ni mvua. Anasema ni udongo. Mwaka unaofuata anarudi kwenye mbegu za ghala lake, na hakuna anayeweza kumlaumu. Muuzaji mwaminifu wa duka la pili, aliyeleta mbegu ya kweli kwa gharama kubwa, anakosa mteja, kwa sababu kwenye gunia zote zinafanana. Uongo wa mmoja umewafukarisha wawili.

Halafu binti akanisomea utafiti mwingine, wa Tanzania, mkoa wa Morogoro, uliochapishwa mwaka 2021. Huko mbolea zilipopimwa zilikutwa nzuri, virutubisho vimetimia. Lakini wakulima waliamini ni mbaya, kwa sababu nyingine zilikuwa na mabonge, na mabonge waliyachukua kuwa dalili ya kuchakachuliwa. Wakaikataa mbolea nzuri. Basi jicho linatudanganya pande zote mbili: linakubali kibaya kilichofungwa vizuri, na linakataa kizuri chenye sura mbaya. Jicho halijaumbwa kupima nitrojeni, kile kirutubisho cha mbolea.

Najua wengine mnasema, sisi tunajaribu mbegu: punje 100 kwenye kitambaa chenye maji, baada ya wiki unahesabu zilizoota. Fanyeni, ni vizuri, itakuambia kama mbegu iko hai. Haitakuambia kama ni chotara. Mahindi ya chakula nayo huota.

Kwa hiyo hapa ndipo jina lina kazi. Jina la kampuni ya mbegu ni kama dhamana mahakamani: mwenye jina ana kitu cha kupoteza. Lakini jina likiwa kwenye mfuko uliofunguliwa na kushonwa upya, dhamana imekufa. Nunua mfuko uliofungwa kiwandani. Usikubali kupimiwa kwa kikombe kutoka kwenye gunia lililo wazi, hata kama ni nafuu, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Na nunua kwa mtu ambaye mwezi wa Juni, mahindi yakikataa, atakuwa bado yuko kwenye duka lilelile. Yule anayeuza juu ya pikipiki siku ya soko, bei yake ya chini ina sababu: hutamwona tena.

Saruji ni ndugu ya mbegu. Ndani ya mfuko huoni kitu. Unachoweza kusoma ni namba. Mfuko ulioandikwa 32.5 na ule wa 42.5 vyote ni kilo 50. Namba hiyo ni nguvu ya saruji ikishakaa siku 28. Kwa nguzo na sakafu ya ghorofa, chukua 42.5 na usibishane. Kwa plasta na kujengea tofali, 32.5 inakutosha kabisa, na anayekusukuma uchukue ya juu kwa plasta anakuuzia nguvu ambayo ukuta wako hautaitumia. Nyaya za umeme: kwangua kwa kisu. Zikiwa nyekundu juu na nyeupe ndani, ni alumini iliyovishwa shaba, ziache, maana siri yake hutokea kwa moto usiku. Dawa ya hospitali ni tofauti kidogo: usilipie jina la kopo, parasetamo ya jina kubwa na ya jina dogo ni dawa ileile, lipia duka lenye leseni ya NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, ukutani.

Mtaniuliza habari ya alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, ile Q. Shirika hilo lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1983 na likaanza kazi mwaka 1989, na alama yake ni msaada wa kweli. Kitu kisicho nayo kinapaswa kukutia shaka. Ila alama ni wino, na wino unachapwa. Itazame, kisha endelea kutazama.

Nirudi kwenye bei, maana bei ndiyo tunayoipenda. Tuseme kiatu kimoja cha shule ni shilingi 30,000 na kinamaliza muhula mmoja. Kingine ni 70,000 na kinamaliza mitatu. Kwa mwaka wa mihula mitatu, cha rahisi kimekula 90,000. Mnatingisha vichwa, mnasema cha ghali kimeshinda. Ngojeni. Mtoto wa miaka minane mguu unakua. Baada ya mihula miwili kile kizuri kinambana vidole, bado kizima. Cha rahisi kwa mihula miwili ni 60,000, na cha ghali ni 70,000 palepale. Hapo cha rahisi ndicho kimeshinda, isipokuwa kama nyuma yake yuko mdogo wake atakayekirithi. Kwa kitindamimba, asiye na wa kumrithisha, cha rahisi kinabaki mshindi. Ndiyo maana sare za shule naziacha na pindo pana chini na mikononi: kitambaa kizuri kisicho na pindo ni ubora unaotupwa mtoto akirefuka.

Kuna jambo la uchungu sharti niliseme. Asiye na pesa ndiye anayelipa zaidi. Mwenye pesa ananunua jerikeni la mafuta la lita 20. Mwenzake ananunua kijipimo cha jioni, kila jioni. Chukua chupa tupu ya nusu lita uhesabu bei ya vijipimo vinavyoijaza, kisha zidisha mpaka lita 20 na ulinganishe na bei ya jerikeni. Nawaachia mfanye wenyewe nyumbani, kwa sababu nilipofanya mimi nilikaa kimya muda mrefu. Si ujinga wa huyo anayenunua kijipimo. Ni kwamba hana pesa ya jerikeni siku moja. Lakini sisi thelathini tuliomo humu tunayo. Jerikeni moja kwa watu kumi, tukagawana kwa kipimo kilekile mbele ya wote. Sabuni ya mche pia: tununue katoni nzima, miche ipangwe rafuni ikauke wiki mbili kabla ya kukatwa. Sabuni mbichi imejaa maji na huyeyuka ndani ya beseni. Iliyokauka inafua mara nyingi zaidi.

Na ile risiti iliyoniliza. Ipo sheria ya Uganda ya mwaka 2017 ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma. Ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kitu kifanye, naye kazi yake ni kuuza vitu hivyo, sheria inatarajia kitu hicho kifae kwa kazi hiyo. Kwa hiyo usiseme tu "nipe bati". Sema, mbele ya mwenzako: "Nataka bati geji 28 la kuezeka nyumba." Aandike geji kwenye risiti. Asipotaka kuandika, ameshakujibu.

Nimemaliza upande wangu. Wanaotaka mabati, katibu anaandika majina pale mlangoni. Tukifika nyumba tano tutakwenda pamoja Jumanne, na fundi chuma amekubali kuja na kifaa chake. Wa mbegu tutaonana Februari, kabla maduka hayajajaa. Vitenge viko mezani na kiberiti kipo. Njooni mvishike, anzeni na kile cha tatu.